Bastola haina mahali pa tatu

SWALI: Shikamoo kaka. Ninaishi Houston, ni nesi wa zamu za usiku, nina watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 14. Nina grini kadi. Mwezi uliopita mtu alinifuata kwenye maegesho ya hospitali alfajiri nikitoka kazini, nikaamua kununua bastola ndogo ya milimita 9 na kulipia darasa la leseni. Mkufunzi ni polisi mstaafu, anaongea kwa uhakika sana. Alituambia wanawake tubebe kwenye mkoba. Bastola iliyofungiwa haina faida, hivyo ikae kwenye droo ya kitanda. Watoto ukishawafundisha hawataigusa. Kazini niiache chini ya kiti cha gari. Na nikimpiga mwizi akiwa nje ya mlango nimvute ndani. Kaka mmoja wa kanisani, aliyewahi kuwa jeshini huko nyumbani, amesikia akasema yote hayo ni upuuzi, nibebe tu bila risasi chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, nitakuwa salama. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba dada, na pole kwa mkasa wa maegesho.

Huyo mkufunzi wako hakukudanganya, anaamini kila neno alilosema. Nafundisha silaha hapa Texas mwaka wa 14 sasa, na watu wa aina yake nimekaa nao meza moja mara nyingi: wakarimu, wachangamfu, na wabishi kama punda wa Lamu. Amebeba bastola miaka na miaka, halijampata lolote, na mtu akikaa muda mrefu bila kupatwa huanza kudhani bahati yake ni elimu. Isitoshe, alikuwa polisi. Polisi hubeba silaha juu ya nguo, kiunoni, kwenye ala ngumu yenye kidude cha kuzuia mkono wa mtu mwingine usiichomoe. Mkoba hajawahi kuubeba. Kusukuma toroli la dukani huku mtoto wa miaka minne amekaa ndani yake anachezea zipu haikuwa sehemu ya kazi yake. Anakufundisha maisha ambayo yeye hajayaishi.

Darasa lenyewe nalo usilipe uzito kuliko lilivyo. Kwa sheria ya Texas ni saa 4 hadi 6 za masomo, halafu risasi 50 kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15. Alama zote ni 250, ukipata 175 umefaulu. Ukitoka hapo umethibitisha kwamba unaweza kutoboa karatasi iliyosimama mchana kweupe bila kukusogelea. Na tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haijamkataza silaha anaweza kubeba bastola Texas bila hata hilo darasa, kwa hiyo wewe uliyelipia umeshawazidi wengi. Lakini kinachonikera ni hiki: miongoni mwa mambo ambayo sheria inataka yafundishwe katika hizo saa chache ni namna ya kuhifadhi silaha, hasa ili mtoto asijeruhiwe. Aliposema droo ya kitanda, alikuwa anakwenda kinyume na kitu alicholipwa kukufundisha.

Wanafunzi wangu nawapa sentensi moja ya kushika hata wakisahau yote mengine: bastola iko mwilini mwako au iko kwenye kufuli. Mahali pa tatu hakuna. Droo, mkoba, chini ya mto, chini ya kiti cha gari, juu ya kabati, hizo zote ni mahali pa tatu.

Juu ya kabati napajua mimi mwenyewe. Mkufunzi wangu wa kwanza aliniambia mtoto hafiki huko, nikamwamini. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Siku moja tuko mezani tunakula akaniuliza, "Baba, ile kitu nyeusi juu ya kabati ni simu yako ya kazi?" Tonge lilinikwama. Nilikwenda chumbani nikakuta kiti kimesogezwa ukutani, na kwenye vumbi la juu ya kabati kulikuwa na alama za vidole vinne vidogo, zimeishia kama shubiri moja kutoka kwenye bastola. Hakuigusa. Usiku ule sikulala, na kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa dukani nanunua sefu.

Sasa tuje kwenye mkoba, maana hapo ndipo wanawake wanapotoshwa zaidi.

Tarehe 30 Desemba 2014, kwenye duka la Walmart mji wa Hayden, jimbo la Idaho, mama wa miaka 29 alikuwa ananunua vitu na watoto. Alikuwa mwanasayansi katika maabara ya taifa ya mambo ya nyuklia, mwenye leseni, mzoefu wa silaha tangu utotoni. Mkoba wake ulikuwa wa kisasa, umeshonwa mahususi kwa ajili ya bastola, na zipu yake ya pembeni. Ilikuwa zawadi ya Krismasi kutoka kwa mumewe. Mkoba ulikuwa kwenye toroli, mtoto wa miaka miwili kando yake. Mtoto alifungua zipu, akashika, bastola ikalia mara moja. Mama akafa pale pale. Nakusimulia kisa hiki kwa sababu kila mara nikisema mkoba ni hatari naambiwa, "Ah, huyo hakuwa na mkoba mzuri." Alikuwa nao. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mkoba wenyewe begani.

Fikiria mkoba wako unavyoishi. Unauweka kaunta ya jikoni ukiingia. Unautundika kwenye kiti kanisani. Unamwambia mkubwa, "Niletee mkoba wangu hapo." Mdogo anauchimba akitafuta bigijii. Ndani yake kuna kalamu, funguo, kopo la Vaseline, chaja, na chochote kati ya hivyo kinaweza kuingia penye triga, yaani kifyatulio. Halafu mwizi akija anataka nini? Anataka mkoba. Utampa bastola yako ya kwanza na ya pekee, imejaa risasi, pamoja na kitambulisho chenye anwani ya nyumbani.

Darasani kwangu nina bastola ya bluu ya plastiki, haina hata tundu. Namwambia mwanafunzi aiweke kwenye mkoba wake kama anavyotaka, kisha nabonyeza saa na kumwendea kwa hatua za kawaida kutoka upande wa pili wa chumba. Karibu wote nawafikia mkono ukiwa bado ndani, wanavuta miwani. Mama mmoja alinichomolea mswaki. Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Mkoba una ubaya wake mwingine ambao hauna damu lakini utakugharimu: unasahau. Mwaka 2023 maofisa wa TSA, idara ya usalama wa usafiri, walikamata silaha 6,737 kwenye ukaguzi wa abiria wa viwanja vya ndege vya Marekani, na takribani 93 kwa mia zilikuwa na risasi ndani. Wengi wao si majambazi, ni watu waliosahau kilichomo begini. Faini inaweza kuvuka dola 10,000. Sasa wewe ni mtu wa kwenda nyumbani Desemba. Hata risasi moja iliyodondokea kwenye kona ya begi uliloenda nalo uwanja wa shabaha inatosha kukufungulia kesi ukishuka Nairobi au Dar es Salaam. Kumiliki risasi bila kibali kule ni kosa zito. Mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walikamatwa visiwa vya Turks na Caicos kwa risasi chache tu zilizosahaulika kwenye mabegi, na sheria ya huko wakati huo ilianzia kifungo cha miaka 12. Begi la uwanja wa shabaha liwe la uwanja wa shabaha peke yake, na lisisafiri.

Basi ibebwe wapi? Kiunoni, kwenye ala ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa ajili ya aina ile ile ya bastola, inayofunika triga yote, juu ya mkanda imara. Ala za kitambaa laini za dola kumi na tano ambazo "zinaingia bastola zote" usizinunue. Kitambaa kikijikunja huingia penye triga kama kidole. Najua sare zenu za unesi hazina mkanda, ni lastiki tu. Upo mkanda mpana wa kufunga tumboni ambao una kipande cha plastiki ngumu mbele ya triga, na wanafunzi wangu wengi wa kike wanaupenda. Lakini kwako hilo ni la njiani na sokoni tu, kwa sababu hospitalini huruhusiwi kuingia nayo hata ukiwa na leseni, isipokuwa hospitali yenyewe ikupe kibali cha maandishi.

Kuchomeka kiunoni bila ala kabisa ndiyo balaa lenyewe. Novemba 2008 Plaxico Burress, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa New York Giants ambaye mwanzoni mwa mwaka huo alidaka mpira wa ushindi kwenye fainali ya Super Bowl, aliingia klabu ya usiku New York na bastola ikiwa imechomekwa tu kwenye suruali. Ikaanza kuteleza kwenye mguu, akaiwahi kwa mkono, kidole kikakuta triga. Alijipiga pajani, kazi ikayumba, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka miwili jela kwa kuimiliki isivyo halali katika jimbo lile. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ingawa sidhani kama walikuwa na habari za bastola za Glock.

Na huyo kaka wa kanisani? Ana hoja nzuri kuliko mkufunzi, lakini ameitoa kambini akaileta kwenye maegesho ya Houston.

Jeshini silaha hukokiwa, yaani risasi huingizwa chemba, kwa amri. Askari ana bunduki ndefu, mikono yake yote miwili iko juu yake, na kuna mkubwa anayesema lini. Hilo ni sawa kwao. Wewe mkono wa kushoto umemshika mtoto, au unamsukuma mtu aliyekukaba. Kukoki bastola kwa mkono mmoja inawezekana, kwa kukwaruza slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, kwenye mkanda au soli ya kiatu, lakini si jambo la kujifunza siku hiyo hiyo.

Kubeba bila risasi chemba kulikuwa na sababu yake zamani. Zile rivolva za akina kauboi za mwaka 1873 zilikuwa na matundu sita, lakini mwenye akili aliweka risasi tano na kuacha nyundo ilalie tundu tupu, kwa kuwa zikianguka zilifyatuka. Kampuni ya Ruger waliendelea kutengeneza za mtindo huo hadi mwaka 1973 walipoingiza kipande cha chuma kinachofikisha pigo la nyundo kwenye risasi pale tu triga inapovutwa, na hadi leo wanazirekebisha bure zile za zamani. Bastola nyingi za sasa zina vizuizi vya ndani vya namna hiyo. Makosa ya kiwandani hayajaisha, mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer walianza kurekebisha bure bastola zao za P320 baada ya kuonekana kwamba zinaweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani, kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya watengenezaji wa bastola yako, weka namba yake, uone kama inaitwa kurudi. Ukiacha hitilafu kama hizo, bastola nzima ya kisasa huwa inasubiri kitu kimoja: triga ibonyezwe. Na kazi ya ala ngumu ni kuhakikisha hakuna kinachoifikia.

Kwa hiyo jibu langu kwako liko hivi. Miezi miwili au mitatu ya kwanza, beba bila risasi chemba ikiwa ndani ya ala ngumu, na kila siku dakika kumi fanya mazoezi nyumbani ukiwa na bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine. Ukiona mwili umezoea, ala haichezi, na kidole kinakaa pembeni ya triga chenyewe bila kukumbushwa, basi ujaze chemba. Kama huna ala nzuri na hutaki kuinunua, kaka yako wa kanisani yuko sahihi moja kwa moja. Ila asikwambie uko salama. Mtoto wa miaka minne hana nguvu ya kuvuta slaidi, lakini wa miaka 14 anayo, tena ameshaona kwenye simu jinsi inavyovutwa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa huyo wa miaka 14.

"Ukiwafundisha hawataigusa." Mwaka 2001 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12. Waliwekwa wawili wawili au watatu watatu katika chumba chenye bastola halisi, isiyo na risasi, imefichwa kwenye droo, huku watafiti wanatazama nyuma ya kioo. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 waliiona. Kati ya hayo, 16 waliishika, na katika 10 kuna aliyevuta triga. Karibu wote walioishika au kuvuta triga walikuwa wameshapata mafunzo ya usalama wa silaha ya aina fulani. Droo, dada. Ile ile aliyokutajia mkufunzi wako. Wafundishe watoto, naam: wakiiona wasiiguse, watoke, wamwite mtu mzima. Lakini fundisho hilo ni la nyumba ya rafiki yao, ambako wewe hujui kilichomo. Nyumbani kwako kufuli ndiyo mwalimu.

Na mtoto wa miaka minne usimdharau kwa udogo wa kidole. Mtoto haishiki bastola kama sisi. Huigeuza, mdomo ukamwelekea, kisha husukuma triga kwa vidole gumba viwili. Triga ya bastola nyingi za leo inataka nguvu ya kilo mbili na nusu hivi. Vidole gumba viwili vinatosha.

Jambo la pili kuhusu huyu mkubwa nalisema polepole kwa sababu kwetu hatupendi kulitaja. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Wewe ni nesi, unajua zaidi yangu: anayemeza vidonge mara nyingi hufikishwa kwenu akiwa hai, ila anayetumia bastola, tisa kati ya kumi hawapati nafasi ya pili. Kijana akivunjika moyo saa nane usiku na mama yuko zamu, tofauti kati ya droo na sefu ni kwamba sefu humpa muda, na hali ile mara nyingi hupita baada ya muda mfupi. Kwa hiyo namba za sefu zisiwe mwaka wake wa kuzaliwa, wala zile za simu yako. Watoto wa siku hizi wanajua namba za simu zetu kuliko tunavyojua wenyewe.

Sheria nayo ipo. Texas, kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 nafasi ya kuifikia bunduki yenye risasi ni kosa, na sheria inasema wazi kwamba ni kosa iwe risasi iko chemba au haipo. Hoja ya kaka wa kanisani haitakusaidia mahakamani. Mtoto akifa au akiumia vibaya kwa bunduki hiyo, kosa linapanda hadi kifungo cha mwaka mmoja. Njia ambazo sheria yenyewe inazitaja za kujikinga ni chombo kilichofungwa kwa kufuli au kufuli ya triga.

"Iliyofungiwa haina faida" ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi ya kufungua sefu. Nunua lile sanduku dogo lenye vitufe vitano vya chuma vya kubonyeza kwa mfuatano, lisilotumia betri. Lifunge kwa skrubu kwenye fremu ya kitanda au ndani ya kabati. Kisha kwa wiki mbili, kila usiku kabla ya kulala, zima taa, fumba macho, fungua. Wanafunzi wangu wengi hufika sekunde tatu. Mlango wenye komeo zuri na skrubu ndefu kwenye bawaba humchelewesha mwizi zaidi ya hapo, na ni rahisi kuliko bastola yenyewe.

Masefu ya alama ya kidole ya bei poa nayaogopa. Oktoba 2023, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangaza kurudishwa kwa masefu yapatayo 61,000 ya namna hiyo, baada ya mtoto wa miaka 12 kufa. Kasoro ilikuwa kwamba mwenye sefu angeweza kudhani ameshasajili kidole chake kumbe bado, na katika hali hiyo linafunguka kwa kidole cha yeyote. Kama umeshanunua la aina hiyo, waite watoto wako wote wawili, bastola ikiwa haimo, wajaribu vidole vyote ishirini. Likifunguka hata mara moja, lirudishe dukani.

Chini ya kiti cha gari nitapita haraka. Wezi wa Houston wanajua maegesho ya hospitali yamejaa magari ya watu walioko zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili na hawatatoka. Mwajiri wako Texas kwa kawaida hana mamlaka ya kukukataza kuwa na silaha halali ndani ya gari lako lililofungwa, hiyo ni haki yako, lakini iwe kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa kebo kwenye fremu ya kiti. Ifungie nyumbani au kituo cha mwisho kabla ya kazi, wala usianze kuichomoa na kuichezea maegeshoni ukionekana. Ichomoe mwilini pamoja na ala yake, iingie kisandukuni ikiwa bado imevaa ala, na itoke hivyo hivyo. Ajali nyingi nilizoshuhudia zilitokea mtu akiihamisha bastola, si akiitumia. Stika za bendera na bunduki kwenye kioo cha nyuma zing'oe. Ni tangazo la kilichomo ndani.

La kumvuta mtu ndani ya nyumba, hilo sina neno la upole. Ni kuharibu ushahidi, kosa kubwa la jinai, na damu ya kizingitini itakusema hata usipofungua mdomo. Sheria ya Texas ya kujilinda inatazama kwa nini uliamini maisha yako yako hatarini, haitazami maiti imelala upande gani wa mlango. Mtu aliyepiga kwa haki anapiga simu ya dharura 911, anaiweka bastola chini, anasema ameshambuliwa, anaomba gari la wagonjwa na wakili, basi.

Na hapa ndipo mkufunzi wako, hata angekuwa bora namna gani, asingeweza kukusaidia, kwa sababu hajawahi kuishi kwa grini kadi. Kwake yeye kosa dogo la silaha ni faini na aibu. Kwako wewe, sheria ya uhamiaji inasema mgeni aliyetiwa hatiani kwa kumiliki, kubeba au kutumia silaha kinyume cha sheria yoyote anaweza kufukuzwa nchini. Kuingia nayo hospitalini kwa kusahau. Kuingia nayo kwenye baa yenye bango jekundu la 51%, maana yake zaidi ya nusu ya mapato ni pombe inayonywewa pale pale. Raia huadhibiwa, lakini hubaki nchini. Wewe unaweza kujikuta unaongea na jaji wa uhamiaji. Ukikamatwa kwa lolote linalohusu silaha, usikubali kosa lolote, hata dogo, kabla wakili wa uhamiaji hajaliangalia. Wakili wa jinai peke yake hatoshi.

Mwenye grini kadi anaruhusiwa kumiliki, usiwe na wasiwasi. Ila kama una mdogo wako au mpwa wako aliye hapa kwa viza ya masomo au ya matembezi, usimpeleke uwanja wa shabaha kujifurahisha. Kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, ukiacha nafasi chache kama ya mwenye leseni ya uwindaji. Kesi ya Rehaif iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2019 ilianza hivyo: kijana kutoka Falme za Kiarabu, viza ya masomo imeshakwisha baada ya kufeli chuo, akaenda uwanja wa shabaha Florida kupiga risasi. Mahakama ilimpa nafuu kwa kusema lazima serikali ithibitishe kwamba alijua hali yake ya uhamiaji, lakini alifika huko baada ya hukumu ya kifungo na miaka ya mawakili.

Umeniuliza umsikilize nani. Kama umeshalipia siku ya pili, nenda, zile risasi 50 ni zako na ulengaji anaufundisha vizuri. Muulize mbele ya darasa bastola yake hulala wapi wajukuu wakija. Usibishane naye, sikiliza tu jibu.

Kabla ya yote hayo, amua hili wiki hii: usiku wa zamu nani analala na watoto? Kama ni dada yako au msichana wa kazi, akae na funguo za nyumba na namba yako ya simu, siyo namba za sefu. Na wewe usiende kazini na bastola eti kwa sababu sefu bado halijafika. Acha ikae dukani mpaka lifike. Duka lolote la silaha la maana litakushikia kwa siku chache ukiwaambia una mtoto wa miaka minne.